Jina la Ishirini na Nane

Okayama, 29 Novemba 2014

Bwana Iwao pamoja na shemeji Fusae,

Salamu kutoka mjini. Majani yamekwisha kwenye miti na mimi nimewasha jiko la mafuta tangu juzi, kwa hiyo huko kwenu milimani nadhani theluji imeshabisha hodi. Mimi mzima, ila goti. Mtu anastaafu kazi ya tramu, goti lake halistaafu.

Bila shaka mmesikia habari kubwa ya besiboli. Korongo wetu wamemsajili Orimoto. Miaka mitatu tunalilia mrushaji wa maana, na sasa wametuletea mzee wa miaka thelathini na tatu ambaye bega lake limepasuliwa mara mbili, tena kutoka klabu ya Kanazawa, wale Mbweha. Jana kwenye bafu la mtaani watu wazima walikuwa uchi, povu kichwani, wanabishana kama wabunge. Muuza tofu anaapa Orimoto atashinda michezo kumi na miwili. Nikamwambia atashinda mitano, halafu bega litamshinda yeye.

Kinachofuata mnakijua. Kanazawa wamepoteza mtu, basi sheria inawapa haki ya kuchukua mmoja kwetu. Klabu inaandika majina ishirini na nane ya wasioguswa, inayapeleka kwa siri, na nje ya hayo Mbweha wanachagua wamtakaye, naye anafunga mizigo bila kufungua mdomo. Na kwa kuwa klabu haitangazi orodha yake, tutaandika zetu kama kawaida: yangu, ya Iwao na ya shemeji, kila mtu peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake.

Yangu hii hapa, ukurasa wa pili. Utaona nimemlinda Dobashi. Najua ana miaka thelathini na saba na anakimbia kama mtu aliyebeba kabati. Lakini mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya kituo chetu miaka kumi na tano hatolewi nje kama kiatu.

Siku ya kuwashukuru mashabiki sikuwaona. Nilikaa kwenye safu yetu, upande wa kulia, nikawawekea nafasi, moja kwa koti na moja kwa mfuko. Mama mmoja akauliza kama pana watu, nikamwambia wanakuja. Mpaka saa tisa nilikuwa namwambia hivyo hivyo kila aliyeuliza. Sasa mpaka Machi sina wa kuzungumza naye ila redio, nayo haijibu. Andikeni upesi. Ningepiga simu, lakini kwa masikio ya Iwao tutaishia kupigiana kelele kama wauza samaki.

Wenu,
Kenkichi


Milimani, 5 Desemba 2014

Kenkichi,

Barua yako imefika. Theluji pia imefika, na leo asubuhi ilikuwa inanigusa goti.

Hatukuja kwa sababu Fusae alikuwa na mafua. Si jambo la kukutia wasiwasi.

Dobashi aende. Una huruma ya mtu ambaye hajawahi kuajiri. Mimi nimefuma mikeka ya tatami miaka hamsini, na fundi ambaye mkono umechoka nilimwambia apumzike, nikampa mkono wa kwaheri. Msimu uliopita wakimbiaji wa wapinzani walimwibia vituo, mkono wake ukichelewa kurusha, mpaka wakaona haya wenyewe. Linda vijana. Linda Inaoka, yule mrushaji wa mkono wa kushoto. Ana miaka ishirini na nne na bado hajui kama ni mzuri. Akijua, hatutampata tena.

Orodha yangu ni ukurasa wa pili. Ya Fusae ni ukurasa wa tatu. Nimemwandikia mimi, kwa kuwa vidole vyake vinamuuma wakati wa baridi. Anakusalimu. Anasema usile tambi za pakiti kila siku.

Kuhusu Orimoto, anakubaliana na muuza tofu.

Hapa kimya. Nyumba hii ya mama yake Fusae ina vyumba saba. Tulipohamia mwaka juzi niliona tumepata nafasi.

Iwao


Okayama, 10 Desemba 2014

Bwana Iwao,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikatandaza karatasi zenu mezani kando kwa kando, nikavaa miwani. Ndugu yangu, unanionaje?

Orodha ya shemeji na yako zinatofautiana kwa jina moja. Moja tu, tena la chini kabisa, mtu asiyejulikana hata na mama yake. Huyu ni Fusae yupi? Huyu ninayemjua mimi, miaka kumi na nne ameketi kati yetu, sijamsikia akikubaliana nawe hata juu ya hali ya hewa. Ukisema mvua inakuja, anakunja mwavuli. Leo amekubali Dobashi atupwe nje? Yeye aliyemfumia soksi mwaka ule alipovunjika kidole?

Nitasema wazi maana sisi si watoto. Orodha hiyo umeandika wewe. Hukumuuliza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mkeo yupo, yuko hapo hapo ndani, na una ujasiri wa kumsemea. Kama vidole vinamuuma, akae atamke na wewe uandike, na usimkatize. Mtu asiye na wa kubishana naye nyumbani anajua thamani ya mke mbishi. Mimi wangu aliondoka kwa kuwa nilikuwa namjibu kila neno, na sasa nawajibu watangazaji wa redio.

Mpe kalamu shemeji. Naisubiri orodha yake, si yako yenye kofia yake kichwani.

Kenkichi


Milimani, 18 Desemba 2014

Kenkichi,

Umesema kweli. Niliandika mimi.

Atakuandikia mwenyewe baada ya mwaka mpya. Mpe muda. Siku hizi anachoka.

Iwao


Kadi, 1 Januari 2015

Kwa Bwana Iwao na Bibi Fusae Tsubouchi

Heri ya mwaka mpya, mwaka wa Kondoo. Kondoo huyu nimemchonga mwenyewe kwenye ubao na kumpiga chapa. Kofia aliyovaa ni ya Korongo. Kama anaonekana kama mbwa, shemeji asicheke. Mwaka huu tuchukue ubingwa, au angalau tumalize juu ya Kanazawa. Nawangoja Machi, viti vyetu vile vile.

Kenkichi Nomizu


Okayama, 9 Januari 2015

Bwana Iwao,

Leo ni siku ya tisa. Kadi yenu haijaja.

Tangu mosi nashuka ngazi kila nikisikia pikipiki ya posta. Mwaka huu nimepata kadi sita: daktari wa meno, chama cha wastaafu wa tramu, duka la miwani, na binamu zangu watatu. Miaka kumi na nne yenu haijawahi kuchelewa hata siku moja, na siku zote pembeni pana mstari wa shemeji wa kukutania wewe. Nikajiuliza kama pana msiba. Lakini nyumba yenye msiba haitumi kadi wala haitumiwi, na kwa ajili hiyo hueneza ilani mapema Desemba ili watu wasije wakatia sherehe kwenye kilio. Mimi sikupata ilani. Basi msiba haupo. Kilichopo ni hasira.

Nimeipima barua yangu ile, naona nilivuka mpaka. Nani anamfundisha mwenziwe namna ya kuishi na mkewe, tena mtu ambaye wa kwake alimshinda? Nilikuwa peke yangu, nimekunywa vikombe viwili vya pombe ya moto, nikaona raha kugombana na mtu mwenye jina na uso. Nisamehe. Mwambie na shemeji anisamehe, kama nilimtia aibu.

Habari umeshazisikia. Juzi Kanazawa wamechagua. Wamemchukua Inaoka wako. Klabu haikumlinda. Wewe ulimlinda, mimi nilimlinda, na wale wenye suti wakamwacha nje ili wamhifadhi Dobashi, kwa kuwa Dobashi anauza fulana. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na natamani ungekuwa hapa unikejeli. Nilimwona kwenye televisheni anainamisha kichwa, anasema atajitahidi huko aendako. Masikio yalikuwa mekundu. Sikuweza kumaliza chakula.

Orodha haina kazi tena, najua. Lakini ya shemeji bado naitaka. Na kama hamtaki tena kukaa nami, niambie kwa neno moja, nijue kama nikate tikiti ya mtu mmoja.

Kenkichi


Milimani, 14 Januari 2015

Kenkichi,

Sina hasira nawe. Kata tikiti utakavyo baada ya kusoma hii.

Fusae alifariki Jumapili ya tarehe kumi na tisa Oktoba, asubuhi. Moyo. Alikuwa jikoni anakata figili ya supu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasoma gazeti, habari za Korongo kushindwa. Masikio yangu unayajua. Nilikuja kuona kwa nini supu inachelewa.

Binti yetu Chizuru alishughulikia kila kitu. Watu walikuwa wachache. Sikukuita. Sikujua nikuiteje. Tumejuana uwanjani, hujawahi kuingia nyumbani kwangu wala mimi kwako, na nilipofungua kitabu cha anwani kukutafuta kwenye ndugu na marafiki, ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake, nyuma kabisa, na hakuandika neno lolote, ndugu wala rafiki, mbele ya jina lako.

Mwisho wa Novemba Chizuru alichapisha ilani za msiba hamsini. Anwani niliziandika mimi, tarehe nne Desemba. Niliandika arobaini na tisa. Siku hiyo ndipo ilipofika barua yako ya kutaka orodha tatu. Ilani ya hamsini ilikuwa yako, na sikuweza. Kila niliyemwandikia, Fusae alikufa tena huko kwake. Kwako alikuwa bado mzima, anatakiwa maoni yake kuhusu Orimoto. Nikataka ibaki nyumba moja duniani ambamo hajafa. Siku ya pili yake nikakaa kuandika uongo ule wa mafua. Barua nikaiposti tarehe tano, na kesho yake tukasoma sala za siku yake ya arobaini na tisa.

Kadi yako ilifika tarehe mosi. Niliiweka mbele ya picha yake. Usijilaumu. Kondoo anaonekana kama mbwa kweli.

Sasa nina shida, na wa kunisaidia ni wewe peke yako. Nilikuahidi orodha yake. Nilidhani ni kazi rahisi, nikae nifikirie angesema nini. Ile ya Desemba niliandika kwa haraka na ikatoka yangu. Hii nimeiandika polepole tangu mwaka mpya. Dobashi nimemweka, kwa ajili ya soksi. Wengine nimewakumbuka mmoja mmoja, nani alimpigia makofi, nani alimwonea huruma. Nimefika majina ishirini na saba.

La ishirini na nane silijui. Kila asubuhi naketi mezani, silijui. Miaka arobaini na moja, Kenkichi. Najua saizi ya viatu vyake na upande anaolalia. Lakini nikimuuliza moyoni, "Na wa mwisho nani?", ananyamaza, na najua ananyamaza kwa sababu alipokuwa akisema sikuwa nasikiliza. Ndicho kinachonitafuna. Ningeweza kuandika jina lolote. Nani atanisahihisha?

Wewe ulikaa upande wake wa pili. Kama ulisikia lolote ambalo mimi sikulisikia, niambie. Usiniandikie pole. Pole ninazo zimejaa droo.

Iwao


Okayama, 19 Januari 2015

Iwao,

Sikuandikii pole. Nakuandikia kwanza kwamba nimekukasirikia, na hasira nitaimaliza hapa ili nisije nayo huko.

Umeninyang'anya miezi mitatu. Wiki ile ya Oktoba nilikuwa nacheka bafuni. Novemba nilimwekea koti kwenye kiti, nikawafukuza watu. Nimeutumia msiba wako kondoo mwenye kofia. Nikakusimanga kwamba hukumuuliza mkeo. Unajua ninavyojisikia nikisoma nakala niliyobaki nayo ya barua ile? Mimi ni mtu wa nje, kweli, jina langu halina neno mbele yake. Lakini mwaka una michezo sabini nyumbani, na kwa miaka kumi na miwili kabla hamjahama, hakuna mtu hapa duniani niliyekaa karibu naye saa nyingi kuliko shemeji. Mimi pia nimefiwa, Iwao. Nimelia kwenye ngazi na barua mkononi, mama wa chini akatoka kuniuliza kama ni goti.

Basi. Yamekwisha. Sasa nakujibu.

Nina siri yake moja, na aliniambia niitunze. Naona muda wake wa kutunzwa umekwisha.

Ilikuwa Mei, mchezo wa mchana, mwaka ule mliobadilisha paa. Mvua ilisimamisha mchezo, nawe ukaenda kupanga foleni ya tambi. Mimi na yeye tumekaa chini ya plastiki. Nikamtania, nikamwambia, shemeji, wewe mtu wa besiboli kweli kweli, umemtetea yule mpigaji mbovu kwa nusu saa mpaka Iwao kakimbia. Akacheka. Akaniambia hivi, na maneno ni yake, sikuongeza hata moja:

"Shemeji, mimi besiboli wala siijali. Nyumbani mume wangu ana maneno matatu: maji ya kuoga, chakula, nalala. Mwaka wa kwanza nilikuja huku kumfuata tu. Nikamwambia mchezaji fulani ni hodari, bila kujua lolote. Akanigeukia. Akanieleza mpaka tumefika nyumbani kwa nini nimekosea, na chai akaninywesha akiwa bado ananieleza. Tangu siku hiyo namtafuta yule anayemchukia kuliko wote, namtetea. Nikimkubalia, nampata kwa dakika mbili. Nikimpinga, ni wangu mpaka kitandani."

Halafu ukarudi na mabakuli matatu, ukakuta tunacheka, ukauliza kuna nini. Akasema yule mpigaji apewe unahodha. Ukasahau kula.

Kwa hiyo usiniambie hukuwa unasikiliza. Alikuja mvuani miaka yote hiyo kwa kuwa ulikuwa unasikiliza. Ulimsikiliza neno kwa neno, ukapinga neno kwa neno, na hilo ndilo alilolitaka. Kosa lako ni moja: unatafuta mchezaji aliyempenda. Hakuwa naye. Alikuwa anakutazama wewe.

Jina la ishirini na nane basi ni rahisi. Mimi silijui, lakini wewe unalijua. Ni la mtu ambaye ukiliona kwenye orodha, damu inakuchemka.

Tarehe ishirini na sita zinatimia siku mia tangu afariki. Nitapanda treni ya saa mbili asubuhi. Hujanialika, nami sikuombi ruhusa. Sijui njia ya kutoka stesheni, kwa hiyo usimame mahali nikuone.

Kenkichi


Milimani, 22 Januari 2015

Kenkichi,

Treni inafika saa nne na dakika kumi. Nitasimama penye mashine ya tikiti. Vaa viatu vya theluji.

Barua yako ilikuja jana, nikaisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaketi kwenye orodha, na sikuchukua hata dakika. Nimeandika Kurihashi.

Kurihashi, ambaye anapiga mpira wa kwanza hata ukija kichwani. Anayetafuna chingamu mpaka wakati wa wimbo wa timu. Ana miaka thelathini na moja, na kati ya wenzake wote waliokuwa vituoni wakingoja pigo lake msimu uliopita, aliwarudisha nyumbani tisa tu. Kumlinda mtu kama yule na kumwacha kijana nje ni wazimu, na nilimwambia Fusae hivyo. Nilimwambia kwa sauti, pale jikoni. Nilimhesabia michezo yote aliyotupotezea, tangu Aprili, mmoja mmoja.

Nilipomaliza ilikuwa saa nane na supu imekauka kwenye sufuria. Sijasema maneno mengi namna ile tangu Oktoba.

Hakubadilisha msimamo.

Iwao